Poda ya Wivine

Mimi si mtu wa subira. Muulize yeyote anayenifahamu hapa Lubumbashi, atakuthibitishia bila kufikiri mara mbili. Lakini kuna jambo moja nililolingojea zaidi ya miaka ishirini bila kulalamika, nalo ni kumwagiwa poda.

Kwetu, siku mtu anapomaliza chuo kikuu, ndugu na marafiki humngoja nje na makopo ya poda nyeupe, ile ya watoto wachanga. Akitoka tu na matokeo mazuri, wanammwagia kichwani, shingoni, hadi kwenye nguo aliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Anarudi nyumbani hivyo hivyo, mweupe, wala hajipangusi. Hata wasiomjua wanampigia vigelegele njiani. Mimi shahada yangu iko ukutani, nina duka la dawa mjini na nyumba mtaa wa Golf, lakini poda hiyo haijawahi kunigusa. Mapalo naye vivyo hivyo. Tuliikataa wenyewe, kwa ajili ya Wivine, na Wivine hakuwa na habari.

Tulikuwa watatu katika chumba kimoja kule Kasapa, kwenye mabweni ya chuo. Sufuria moja, sahani moja ya bukari, ndio ugali wetu, na kitanda cha tatu kilichokuwa mlango wa zamani uliowekwa juu ya matofali. Mapalo alikuwa akisoma uchumi, Wivine ualimu, mimi dawa. Mwaka wetu wa mwisho nikaugua tumbo, nikapasuliwa. Ilikuwa wakati wa vita. Njia ya kwenda kwetu Manono ilikuwa imefungwa, mama yangu hakujua hata kama niko hai. Na hospitali zetu mnazijua: mgonjwa asiye na mtu wa kumlinda, nani atampikia, nani atamwosha? Wivine alitandika kitenge chake sakafuni chini ya kitanda changu akalala pale mpaka nilipoweza kusimama. Alininywesha uji kwa kijiko. Alinifulia vitu ambavyo sitavitaja hapa.

Kwa ajili hiyo hakumaliza kuandika kazi yake ya mwisho, na siku ya kuitetea ikampita. Alisema ataitetea mwaka unaofuata. Kabla mwaka haujafika, baba yake akafariki huko Kipushi, wadogo zake wakabaki mikononi mwake, kisha ndoa, kisha watoto, kisha kazi ya kufundisha darasa la kwanza katika shule moja ya Katuba. Unajua maisha yanavyomchukua mtu.

Mimi na Mapalo tulitetea siku moja, miezi kadhaa baadaye, maana vitivo vyetu vilichelewa kwa sababu ya vita. Tulipotoka, binamu yake Mapalo alikuwa amekwisha kuinua kopo. Mapalo akamshika mkono, akampokonya. Akanitazama, nami nikaelewa. Wivine alikuwa Kipushi akiwapikia wadogo zake. Sisi tumwagiwe kwa furaha gani? "Hii tunaiweka," Mapalo akasema, na kopo likafungwa. Wivine tulimwambia tulimwagiwa hadi masikioni, kwa sababu tungemwambia ukweli angelia. Alipoomba picha, tukasema filamu iliungua. Kila alipoomba tena, filamu iliungua tena.

Basi fikiria nilivyoruka aliponipigia simu, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, akaniambia amejiandikisha upya chuoni. Na fikiria asubuhi ya ile Alhamisi aliyopangiwa kutetea. Niliamka kabla ya jogoo wa jirani, nikavaa kitenge tulichoshona sare sote watatu, na nikafika Kasapa wakati wafagiaji bado wanamwagia maji vumbi la uani. Nilikuwa na furaha mpaka nikawasalimia watu nisiowajua.

Kilichonitia wasiwasi ni Mapalo. Yeye ni wakala wa forodha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kopo lilikuwa kwake. Nikampigia.

"Uko wapi?"

"Niko mu bamakamyo," akajibu. "Banafunga barabara yote. Gari haisogee hata kidogo."

"Mapalo, leo njo leo."

"Najua, ma chère. Niachie nitafute moto, pikipiki itapita kati yabo."

Hata sijarudisha simu mkobani, nikamwona Wivine anatoka kwenye jengo kwa haraka, viatu mkononi, anaelekea getini. Nikamkimbilia. Nikimbie mimi na mwili huu.

"Unaenda wapi weye?"

"Ku nyumba. Siingie mule, Honorine. Ruphin njo président ya jury."

"Ruphin gani?"

"Ile bleu ya bweni ya mbele. Ule mwenye nilipimisha terrain ya football na kijiti ya kiberiti."

Nikakumbuka, na Mungu anisamehe, nikacheka. Bleu ni mwanafunzi mgeni, na wenyeji tulikuwa na desturi ya kumkaribisha kwa kumtesa kidogo. Wengine waliimbishwa, wengine walifua soksi za watu. Wivine, msichana mpole kuliko wote, alimpa kijana Ruphin njiti moja ya kiberiti na kumtuma akapime uwanja wa mpira, urefu na upana, kwa magoti, jua likiwa utosini. Watu walimzunguka wakicheka. Sasa ndiye profesa, na ndiye mwenyekiti wa wanaompima yeye.

"Siko nacheka miye," Wivine akasema, macho yamejaa machozi. "Atanifanya vile nilimufanya. Mbele ya batoto yangu."

"Utamukimbia bleu?"

"Haiko bleu tena. Eko Professeur."

Hapo hasira yangu, ambayo huwa haiko mbali, ikapanda. Nikamshika mabega. "Wivine, weye ulilala chini ya kitanda yangu ku hopital. Ulioga maji ya baridi kila asubui, ukarudia kuninawisha. Haukukimbia. Leo utakimbia mutu juu ya kijiti ya kiberiti? Vaa viatu."

Akavaa viatu.

Ndani ya ukumbi nilikaa mbele kabisa, karibu na watoto wake. Kazi yake ilihusu watoto wa darasa la kwanza: nyumbani wanaongea Kiswahili, shuleni wanakuta Kifaransa, wananyamaza. Alianza kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye habari za darasa lake mwenyewe huko Katuba, sauti ikakua, mikono ikaanza kutembea, na mimi nikaanza kutikisa kichwa kama niko kanisani. Mtahini wa kwanza akauliza, akajibu. Wa pili akauliza, akajibu vizuri zaidi.

Kisha Profesa Ruphin akavua miwani. Mtu mnene sasa, mvi kila mahali. Akasema kwa Kifaransa cha taratibu, "Mama, umeandika kwamba mtoto akichekwa siku ya kwanza, anaweza kukaa mwaka mzima bila kufungua kinywa. Hukutaja kitabu. Umelitoa wapi jambo hili?"

Nikasogea hadi ukingoni mwa kiti.

Wivine akamtazama moja kwa moja. "Nimelitoa Katuba, Profesa, kwa wanafunzi wangu. Na nimelitoa hapa hapa Kasapa. Kulikuwa na kijana uwanjani, na mimi ndiye niliyewafanya watu wamcheke. Nimelifikiria sana tangu nilipoanza kufundisha. Naomba radhi."

Profesa akavaa miwani yake tena. "Nilikaa bila kuongea darasani hadi Pasaka," akasema. "Ulichoandika ni kweli. Sina swali lingine."

Wakatutoa nje wapate kushauriana. Nikasimama uani nikiangalia geti, maana sasa nilijua atafaulu, na poda haikuwapo. Kulikuwa na familia nyingine yenye makopo mapya yanayong'aa. Wangenipa, watu wa kwetu si wachoyo. Sikutaka. Nilitaka lile letu.

Tukaitwa, matokeo yakasomwa: amefaulu, na kwa alama za kupongezwa. Watoto wake wakapiga kelele. Mimi nilimbeba, namaanisha nilijaribu, na tukatoka nje tukiwa tumeshikana vibaya. Hapo pikipiki ikaingia uani. Nyuma ya dereva kulikuwa na kitu chekundu cha vumbi kutoka kichwani hadi miguuni, kimevaa kitenge chetu.

"Banasoma matokeo?" Mapalo akauliza kabla hajashuka.

"Anapita," nikamwambia, ndivyo tunavyosema mtu amefaulu. "Leta."

Akatoa kopo. Nililitambua, na lile doa la kutu kwenye kifuniko. Akalipindua juu ya kichwa cha Wivine. Hakikutoka kitu. Akalipiga kwa kiganja, nikalipiga mimi, Mapalo akalipiga kwenye ngazi. Likaanguka donge moja, gumu kama sabuni ya kufulia. Mvua za miaka yote hiyo zilikuwa zimevuja juu ya kabati la Mapalo.

Wivine akaliokota donge, akaligeuza, akasoma kopo. "Hii ni poudre ya zamani. Haiuzishwe tena. Muliipata wapi?"

Mapalo akajifanya anatafuta kifuniko.

"Honorine. Ile photo iliungua kweli?"

"Hakukuwa photo," nikasema. "Hakukuwa poudre. Tulikuwa tunakungoya."

Nilidhani atacheka, au atatugombeza. Alisimama na donge mkononi, akatutazama mmoja mmoja. Kisha yule mwalimu wa darasa la kwanza aliye ndani yake akarudi mahali pake.

"Mupige magoti," akasema.

Tukapiga magoti, kwenye saruji, na vitenge vipya, mbele ya wanafunzi walioweza kuwa watoto wetu. Wivine akakwangua lile donge kwenye ukingo wa ngazi kama mtu anayekwangua muhogo, akakusanya ungaunga kwenye kiganja. Alianza na mimi. Alinipaka kichwani polepole, kwenye paji la uso, kwenye mashavu, mikono ile ile, na nikakumbuka uji. Mimi silii mbele za watu. Siku hiyo nililia na sikujali. Akampaka Mapalo juu ya vumbi lake jekundu. Kisha akapiga magoti kati yetu, na kilichobaki tukamsugulia yeye, mpaka donge likaisha, na ile familia nyingine wakaja na makopo yao mapya wakatumaliza sote.

Niliporudi Golf jioni sikuwa nimejipangusa. Mlinzi wetu, Papa Clément, alifungua geti, akanitazama juu hadi chini.

"Mama, nani anapita?"

"Miye," nikamwambia. "Nilikuwa nangoya mwenzangu."