Sahani za Siku Mbili

Maabarani walimwita Mama Usafi, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na tisa alisimamia meza ya kuotesha vijidudu, na kabati lake la joto, lile linaloziweka sahani za kuoteshea katika joto la mwili wa mtu, lilikuwa linang'aa kuliko vyombo vya nyumbani kwake. Sahani ilikaa humo siku mbili. Ikiota kitu, inasomwa. Isipoota, anaandika "Hakuna kilichoota" kwa mwandiko wake wa kulala, na sahani inakwenda kwenye pipa la kuchomwa.

"Hapa si bohari," alikuwa akisema. "Nyingine ziko foleni."

Mdogo wake alikuwa mwotesha miche, mtu wa kushinda amepiga magoti akijaza udongo na samadi kwenye vifuko, vumbi likimwingia puani. Viungo vilikuwa vinamvimba, akawa anameza prednisoloni, vidonge ambavyo huondoa maumivu lakini huilaza na kinga ya mwili. Alipoanza kukohoa na kukonda, kila mtu alisema kifua kikuu, kuanzia daktari hadi jirani. Makohozi hayakuonyesha kitu. Akaanzishiwa dawa za kifua kikuu hivyo hivyo. Mwezi wa pili uvimbe ukamtokea ubavuni. Daktari akavuta usaha kwa sindano, akaupeleka maabara.

Mama Usafi aliupokea na kuupaka kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya pili akaiinua kwenye mwanga. Haikuwa na kitu.

"Ya ndugu yako hiyo, si uiache hata wiki?" mwenzake wa meza ya damu akamwambia.

"Mimi sina upendeleo," akajibu, akaitupa. Na moyoni alijisifu, tusifichane.

Mwezi uliofuata usaha ukaja tena, na sahani ikaenda njia ile ile. Akampitia mgonjwa nyumbani, akamwambia maabara haijaona kitu, ameze dawa na aache kudeka. Mdogo wake akacheka hadi kikohozi kikamkaba. Akameza.

Mara ya tatu, siku ya kusoma ilipofika, sahani haikuonekana. Angeitafuta, au angeuliza. Lakini yeye si mtu wa kupoteza vitu, kwa hiyo akaamini ameshaitupa. Akaandika "Hakuna kilichoota" bila kuona chochote, akafunga daftari.

Siku ya tisa alikuwa akifuta kabati kama kawaida yake. Akavuta rafu ya chini, na sahani ikamdondokea mkononi. Ilikuwa imeteleza nyuma ya rafu. Juu yake vilikuwa vimeota vijibonge vidogo vyeupe, vikavu kama vumbi la chaki, na alipofunua kifuniko akasikia harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Akaigeuza, akasoma namba: ilikuwa ya mdogo wake.

Alipaka kidogo kwenye kioo, akaweka rangi, akaosha kwa asidi hafifu, akainamia darubini. Nyuzi nyembamba zilikuwa zimetawanyika, zenye matawi matawi, nyekundu. Nokadia. Bakteria wa udongoni, mvivu wa kuota, anayetaka wiki mbili au zaidi kabla hujamkatia tamaa. Chuoni lilikuwa swali la mtihani, na alilipata.

Alishuka ngazi mbio na majibu mkononi. Wodini akamkuta mama yao, mdogo wake kitandani. Mgonjwa alikuwa ameletwa asubuhi ile, mdomo umepinda, mkono wa kulia haushiki hata kikombe. Picha ya kichwa ilikuwa imebandikwa kwenye mwanga: majipu matatu ndani ya ubongo.

"Tutampa vidonge vya salfa, na dawa mbili za dripu juu yake," daktari akasema, akimvuta pembeni. "Akivuka mwezi huu, ni dawa mwaka mzima. Upasuaji hauwezekani, yamekaa ndani mno." Akasoma tena karatasi. "Ingejulikana wakati iko kifuani tu, wengi hupona. Sasa siwezi kukuahidi kitu, dada."

Dawa zilianza siku hiyo hiyo. Homa ilishuka siku nne, mama akaanza kuzungumzia kurudi nyumbani. Siku ya tano ikapanda, na mguu wa kulia ukafuata mkono.

Kilichomchoma Mama Usafi hakikuwa homa, ilikuwa sifa. Mama alimshika mgeni yeyote aliyepita, akimwambia kuwa bila binti yake wasingejua ugonjwa. Na mgonjwa naye, kwa ulimi mzito, alimwonyesha kidole mbele ya wodi nzima. "Dada yangu... huyo. Ndiye ka... kaona."

Alikwenda kwa mkuu wa maabara kuomba sahani za usaha zikae wiki tatu. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimfungulia kabati lile lile la joto, limejaa pomoni.

"Kabati moja, wodi sita," akasema. "Nikiacha za zamani, za leo niziweke kichwani? Na kwa utaratibu huu tulikusifu wewe."

Siku ya kumi na mbili mama alipotoka kufua shuka, Mama Usafi alivuta kiti. Alikuwa amechoka kubeba sifa isiyo yake.

"Mdogo wangu, sahani zako mbili za kwanza nilizitupa mimi. Ya tatu niliandika haina kitu, na sikuiona hata kwa jicho. Ilianguka tu nyuma ya rafu. Ningesubiri, ungekuwa kwenye miche yako sasa hivi."

Alingoja alie, au amfukuze. Angeshukuru kufukuzwa. Mdogo wake akayageuza macho taratibu kwa jirani wa kulia aliyekuwa akikohoa, kisha kwa yule wa dirishani.

"Za... wenzangu?" akauliza. "Leo... umetupa ngapi?"

Alizijua. Alizihesabu asubuhi, kama kila siku, kabla ya kulifuta kabati.

"Thelathini na mbili," akasema.

Mdogo wake akafumba jicho moja, lile lililokuwa bado linafumba. Hakumwita dada tena. Siku tatu baadaye hakuwa hai kumwita mtu yeyote.