Vigari vya Marehemu Zaid

Fondo alifika Jumatatu asubuhi na pesa taslimu ndani ya bahasha ya kaki. Akaizunguka tuktuk mara mbili, akaipiga teke tairi ya nyuma, akasema, "Laki mbili na ishirini. Nakuhesabia sasa hivi, Ami Msellem, naondoka nayo."

Msellem alikuwa amekaa barazani na kikombe cha kahawa. Jana yake ni yeye mwenyewe aliyempigia Fondo simu kumwambia tuktuk inauzwa. Lakini hiyo ilikuwa jana asubuhi.

"Nipe wiki moja," akasema.

"Wiki? Si uliniambia una haraka ya roho?"

"Haraka ninayo. Nimepata njia nyingine."

Fondo akamtazama kama anayetazama samaki wa juzi. "Haya. Ila mimi pesa hazikai mfukoni. Zikiona tuktuk nyingine zitaruka."

Alipoondoka, mkewe Nana akatoka nyuma ya pazia. Tangu mtoto wao azikwe mwanamke huyu alikuwa hasemi sana, lakini siku hiyo alisema. "Mguu wa mtoto wa watu unaoza, wewe unaweka tuktuk?"

"Mguu utatibiwa na tuktuk itabaki. Tulia."

Mguu wenyewe ulikuwa wa Pola, binti Masha, wa Gede. Pola na Zaid walikuwa wakifanya kazi nyumba moja ya wageni Watamu, Zaid akisafisha vyumba, Pola akifua. Jioni moja Zaid alimpakia kwenye pikipiki ampeleke kwao, wakalivaa lori lililoegeshwa barabarani bila taa. Zaid alikufa palepale. Pola mguu wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti. Siku ya tatu ya matanga, mbele ya wanaume wote waliokaa kwenye mikeka, Msellem alimshika Masha mkono akasema, "Mwanangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Mguu wa Pola uko juu yangu." Hakuna aliyemuomba aseme vile. Alisema mwenyewe, na akalipa mwenyewe, akamaliza akiba yote kwa vyuma alivyotiwa yule binti.

Mwezi ulipopita vyuma vikafanya usaha. Jumamosi daktari akasema waziwazi: apelekwe Mombasa kwa bingwa wa mifupa, mfupa usafishwe na vyuma vibadilishwe, malipo ya kwanza laki mbili, na iwe ndani ya wiki moja. Isipokuwa hivyo, watakata ili roho ibaki.

Jumapili asubuhi ndipo Msellem alipompigia Fondo. Jumapili alasiri fundi wa simu akamletea simu ya Zaid, iliyokuwa imepasuka kioo siku ya ajali. Ndani mlikuwa na picha za vile vigari.

Msellem alivijua sana. Vigari vidogo vya chuma, kila kimoja kwenye boksi lake lenye plastiki mbele, na kanda sita za gemu za zamani. Vingine viliachwa na wageni, vingine Zaid alivinunua mitumbani. Alivipanga juu ya kabati la nguo na hakufungua hata kimoja. Msellem alikuwa hampiti bila kumpiga kijembe. "Mwanamume wa miaka ishirini na minne, ndevu hizo, anaweka vigari! Vitakuzalia?" Zaid hucheka tu. Mara ya mwisho ndipo alipojibu: "Hivi vina bei, baba. Siku moja nitakuonyesha."

Siku ya arobaini, baada ya hitma, Msellem alivishusha vyote akavitia kwenye gunia, akawagawia watoto wa chuo cha Kurani. Akasema ni sadaka ya marehemu. Ukweli ni kwamba alitaka vimtoke machoni.

Sasa vilikuwa hapa, kwenye simu, picha moja moja, na chini ya kila picha bei aliyoiandika Zaid mwenyewe. Elfu nane. Elfu kumi na tano. Kanda moja ya gemu, elfu sabini. Msellem akajumlisha yote. Laki tatu na elfu themanini na ushei.

Mlikuwa na namba ya mtu wa Kilifi mle, Nicholas, mwenye duka la gemu. Msellem akampigia.

"Siwezi kukutajia bei bila kuona, mzee," Nicholas alisema. "Na viwe na maboksi yake. Bila boksi hapana kitu hapo. Lete nivione."

Katika maneno yote hayo Msellem alisikia moja tu, bei.

Jumanne akaanza kuzunguka mtaa wao wa Shela nyumba hadi nyumba, na gunia lilelile. Kigari cha kwanza alikipata mferejini, hakina magurudumu. Cha pili kilikuwa mdomoni mwa mtoto anayeota meno. Maboksi? Wanawake walimshangaa. Boksi limewashia jiko zamani.

Afiya, aliyekuwa akikaanga bajia mlangoni kwake, kwanza alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona gunia akaacha.

"Sadaka inarudi, Ami Msellem? Basi nikurudishie na pilau niliyokula siku ile? Hiyo sasa itabidi usubiri."

Waliokaa karibu wakaangua kicheko. Msellem naye akajilazimisha kutabasamu, akanyoosha mkono. Mwanawe Afiya alikishika kigari kwa mikono miwili, ikabidi Msellem amfungue vidole kimoja kimoja. Kilikuwa kimekwaruzika rangi yote. Akakitia guniani hivyo hivyo.

Kufika Jumatano watoto walikuwa wameijua tuktuk yake kwa mlio. Ikikata kona tu, mmoja hupiga ukelele, "Mchukua vigari huyo!" na kichochoro chote kikabaki viatu tu. Mwalimu wa chuo alimuona akamwamkia kwa adabu, kisha akapita bila kusimama, naye ni mtu wa kusimama na kuuliza hali ya kila mtu. Alhamisi Msellem akaenda hadi Mambrui kuwafuata watoto wawili waliokwenda kwa shangazi yao. Mafuta yakamla, akarudi na kanda moja ya gemu iliyobanduliwa karatasi.

Masha alimpigia simu alipokuwa njiani kurudi. "Baba Zaid, daktari anauliza."

"Ijumaa, Mzee Masha. Mwambie Ijumaa."

"Mguu umebadilika rangi."

"Ijumaa bila kukosa."

Alhamisi hiyo jioni, kabla ya magharibi, alipiga hodi kwa Bi Rufaida, ajuza aliyekuwa akimlea mjukuu wake Muzammil, mtoto wa miaka saba. Alipoingia tu akakiona. Kimo ndani ya kabati la vioo, kati ya seti ya sahani za harusi na chupa ya chai isiyowahi kutiwa chai. Kigari cha kijani, boksi zima, plastiki nzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Najua kilichokuleta, mji mzima unajua." Bi Rufaida hakumkaribisha kiti. "Nilimwambia huyu, cha marehemu hakichezewi ovyo ovyo. Utafungua Idi. Kila akitoka chuoni anakuja kukitazama kwenye kioo, anahesabu siku. Chukua. Lakini mtoto mwambie mwenyewe, mimi sina mdomo huo."

Muzammil alimuona bibi yake akifungua kabati, akasogea mbio. "Bibi, leo ni Idi?"

Msellem akainama. "Nitakununulia kingine, mwanangu. Kikubwa." Mtoto hakumtazama usoni. Alilitazama boksi mpaka likatoka mlangoni.

Ijumaa asubuhi Msellem akaendesha mpaka Kilifi. Duka la Nicholas lilikuwa chumba kirefu chenye televisheni nne, vijana wamekaa kwenye viti vya plastiki wanacheza mpira wa kwenye kioo na kutukanana. Nicholas, kijana mwenye miwani, akamsafishia meza. Msellem akamwaga gunia. Vigari kumi na tisa, kanda nne, na boksi moja zima.

Nicholas aliviangalia kwa muda mfupi sana. Akavisogeza kando kwa nyuma ya mkono kama makombo, akalichukua lile boksi la kijani, akaligeuza. "Kutu ishaingia ndani. Hewa yetu hii ya bahari. Naweza kukupa mia nane."

"Mia nane?"

"Kwa sababu ni wewe, mzee. Zaid alikuwa rafiki yangu."

Msellem akatoa simu, akamuonyesha. "Na hizi bei?"

Nicholas akasoma, akatikisa kichwa. "Hizi zinaonekana kama za watu wanaouza. Mimi naweza kuiandikia kalamu hii milioni, nani atanizuia? Uliza waliolipa ni wangapi. Vigari hivi vilitengenezwa mamilioni, na kila aliyekuwa navyo aliviweka kama Zaid, akisubiri apate tajiri. Sasa kila mtu anacho, nani anunue? Labda hii kanda ya elfu sabini, hii ni adimu kweli. Ingekuwa na boksi na karatasi yake ningekutafutia mtu, kwa miezi, angetoa elfu tano, sita." Akaigeuza ile kanda iliyobanduliwa. "Hivi ilivyo, hata mtoto hachezi."

"Mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Nilikwambia ulete nivione, mzee. Sikujua umeviweka mbele ya mguu wa mtu."

Kwa maana Msellem alikuwa amekwisha kumweleza, akiwa amesimama pale, mbele ya vijana wote, mpaka wakaacha kutukanana.

Nje, juani, akampigia Fondo.

"Nishanunua nyingine, Ami. Jana, kwa Kahindi. Si nilikwambia?"

Alizunguka na tuktuk siku nzima, Kilifi, kisha Watamu, akiinadi kwa yeyote. Laki moja na sabini, akaambiwa mwisho, na pesa Jumatatu. Akakubali.

Jumamosi asubuhi Masha akapiga. Hakupandisha sauti. "Wameukata alfajiri. Homa ilipanda, hawakuweza kungoja. Usijisumbue tena, Baba Zaid." Msellem alishika simu sikioni muda mrefu baada ya Masha kukata. Nana alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia, akarudi ndani akafunga.

Ile tuktuk hakuiuza. Haikuwa na la kununua tena. Alijaribu kuvirudisha vigari. Watoto wakubwa walikimbia. Muzammil hakukimbia, alisimama mlangoni kwao, na boksi liliponyooshwa akaweka mikono nyuma.

Baada ya siku kumi Pola akaruhusiwa kutoka hospitalini. Msellem alimuomba Masha amwache awachukue yeye, na Masha, kwa kuwa hakuwa na nauli ya gari jingine, akakubali. Wakampakia Pola kiti cha nyuma, baba yake kando yake na mikongojo miwili mipya mapajani. Wakatoka mjini.

Kisha Pola akaona boksi la kijani, mbele, karibu na usukani. "Hicho ni cha Zaid," akasema. "Cha kijani alikipenda."

"Nilitaka kuviuza," Msellem akasema bila kugeuka. "Kwa ajili yako. Aliviwekea bei."

Pola akashangaa. "Auze? Zaid asingeuza hata kimoja, baba. Alikuwa akivipenda basi, kama mtu anavyopenda kuku wa mapambo. Zile bei aliziandika kwa ajili yako. Tulikuwa tunafua mashuka, tunacheka. Akasema, mzee akinitania tena nitamtolea simu, atanyamaza."

"Alizipata wapi?"

"Nyingine mtandaoni. Nyingine alizitunga." Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyekumbuka jambo zuri. "Ile ya elfu sabini nilitunga mimi."

Akacheka, kisha akaacha, kwa sababu tuktuk ilikuwa imesimama katikati ya njia. Nyuma yao lori likapiga honi, likawapita.

"Mafuta yameisha?" Masha akauliza.

"Hapana," Msellem akasema. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, injini inanguruma, na hakuondoka.