Maelezo ya Shahidi wa Nne

Tangu saa tatu asubuhi mshonaji alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele la Mahakama Kuu, mkoba magotini, akimsikiliza wakili wa wenye jengo akiionea familia yake huruma. Huruma ya wakili ni kitu cha kuogopwa. Mdogo wa mshonaji, fundi wa lifti, alikufa miezi minane iliyopita alipoporomoka nayo kutoka ghorofa ya sita ya jengo hilo. Hakimu aliyechunguza kifo hicho alipiga marufuku kuchapisha ushahidi wowote, na sasa mwandishi wa gazeti alikuwa amemwomba jaji aipitie upya amri ile.

"Mheshimiwa, familia yenyewe iliomba faragha," alisema wakili, akainua karatasi. "Sahihi ya dada wa marehemu hii hapa."

Kweli ilikuwa yake. Siku ya kuchukua maiti, karani wa mochari alimsukumia karatasi nne, naye akazitia sahihi zote bila kuzisoma, kama mtu anayepokea mzigo. Nani husoma, na ndugu yake kalazwa mlangoni kwenye toroli? Ya tatu, ombi la faragha, ndiyo iliyokuja kumfunga mdomo.

Midomo ya mtaani haikufungwa na mtu. Majirani walishatoa hukumu: fundi alikuwa amelewa. Lisemwalo lipo, walisema, na mama wa marehemu, ambaye miguu haikumruhusu kufika mahakamani, akaanza kuamini. Mshonaji alimwapia kwamba daktari hakukuta pombe hata tone, na kwamba marehemu alikuwa ameandika barua tatu kulalamikia breki za lifti. Mama alimjibu, "Wewe ni dada yake. Utasema nini tena?"

Jaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani puani, alimwambia asimame.

"Dada, karatasi hii uliisaini wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Walinipa kalamu, nikasaini. Nilikuwa namtaka ndugu yangu, sikuomba faragha."

"Nikiiondoa amri, sichagui kurasa. Yatachapishwa yote, hata maelezo ya shahidi wa nne. Unalielewa hilo?"

Shahidi wa nne alikuwa yeye. Alimweleza hakimu wa uchunguzi kwamba asubuhi ile mdogo wake aliweka kikombe chini, akasema haendi kazini mpaka breki zitengenezwe. Naye akamjibu, "Aliyeajiriwa hachagui. Nenda kazini, acha uvivu." Hilo mama hakuwahi kuambiwa. Kila alipomuuliza bintiye alisema nini kule, jibu lilikuwa lilelile: mahakama imekataza. Amri aliyoilaani mshonaji mchana kutwa ndiyo aliyojifichia jioni. Aliogopa, na kuogopa kwenyewe kulimtia aibu.

"Iondoe, mheshimiwa," alisema.

Alasiri jaji aliiondoa. Alisema ulinzi ambao familia haiutaki huwa unamlinda mtu mwingine. Wakili alikusanya karatasi zake bila kumtazama mtu.

Gazeti lilitoka kesho yake. Mshonaji alinunua nakala mbili, moja ya mama na moja ya jirani wa mlango wa pili, aliyemlewesha marehemu kwa ulimi wake mwenyewe. Ya jirani aliisukumia chini ya mlango. Ya mama aliingia nayo chumbani.

"Nisomee," alisema mama kutoka kitandani. "Yote."

Alisoma ya daktari. Mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema, "Mwanangu hakulewa," kisha akalisema tena. Alisoma barua tatu. Hapo angeweza kulikunja gazeti, maana macho ya mama hayakuziona tena herufi ndogo kama zile. Hakulikunja. Alisoma maelezo ya shahidi wa nne kwa sauti ya kawaida, bila kuruka neno, akafika mwisho.

Mama alijiinua kitandani kwa viwiko.

"Hayo uliyomwambia," alisema, "yarudie."

Mshonaji akayarudia.