Vitanda vya Ufunguzi

Mapazia ya wodi ya wazazi ya zahanati mpya niliyashona mimi, kwa cherehani aliyoniachia marehemu mume wangu, Mungu amrehemu. Siku iliyofuata ufunguzi nilirudi kupandisha pindo moja lililokuwa linaburuzika sakafuni. Nikakuta wapagazi wanapakia vitanda kwenye lori.

"Vinakwenda wapi tena?"

"Vina safari, mama," dereva akacheka. "Kesho vinafunguliwa kwingine. Vinafuata kamera."

Nyumbani nikamweleza mwanangu, fundi wa kuchomelea, na mkewe ambaye tumbo lilikuwa limeshashuka.

"Mama nawe!" mwanangu akasema. "Redio zinasifu, magazeti yanasifu, umebaki wewe tu na pindo lako. Serikali hii siyo ile ya zamani."

"Mimi sijasema serikali. Nimesema vitanda."

"Mama anataka nijifungulie juu ya cherehani," mkwe wangu akatania, akishika tumbo. Nikacheka nao. Katika sala zangu nilimwomba Mungu niwe mimi ndiye niliyekosea.

Uchungu ulimshika mkwe wangu asubuhi iliyofuata. Nikasema twende hospitali ya zamani, ng'ambo ya mji. Mwanangu akamwambia mwenye teksi, "Zahanati mpya. Si hapo tu?" Mke wake mwenyewe akaitikia kwa kichwa, maumivu yalikuwa makali na hapo palikuwa karibu. Nikapanda.

Mlango wa wodi ulikuwa na kufuli. Mlinzi alikuwa akifagia ngazi.

"Mkunga yuko wapi?" mwanangu akamuuliza.

"Amekwenda na vitanda, shemeji. Wamemuazima."

Tukageuza gari. Foleni ikatukamata sokoni. Kichwa cha mkwe wangu kilikuwa mapajani mwangu, namwambia pumua, mwanangu, pumua, na huku nalitaja jina la Mungu. Mtoto alitokea mle mle garini, wa kiume, kitovu kimemzunguka shingoni. Nikahamia miguuni pake, nikakifungua kwa vidole hivi. Nikampuliza, nikamsugua mgongo. Hakulia.

Hospitalini walimpokea mama yake wakamshona, akalala. Mwanangu alikaa chini ukutani, suruali ina damu.

"Mama, sema basi. Sema uliniambia."

"Sina la kusema, baba."

"Nitukane hata kidogo."

"Inuka," nikamwambia. "Mkeo ameamka. Anamuulizia mtoto, na mimi siwezi kumwambia peke yangu."