Kebo ya Mkwe

"Gari la kumshinda Sikio bado halijatoka kiwandani!"

Hivyo ndivyo alivyofungua kinywa asubuhi ile, kwa sauti iliyofika mpaka kwa kinyozi ng'ambo ya barabara. Jina la Sikio alijipa mwenyewe. Alipenda kueleza, hata asipoulizwa, kwamba yeye huisikiliza injini mara moja tu akajua inaumwa wapi. Mafundi wanaochomeka kompyuta kwenye magari aliwaita makarani. Mmoja wao, aliyekuwa akilala naye chini ya magari kabla hajafungua gereji yake mtaa wa pili, alimpachika jina la Laptopu, na jina likanata kama gundi.

Siku hiyo majigambo yalikuwa na kazi maalumu. Mwenye gari alikuwa baba wa mchumba wake, fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama tai. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama mzazi wa mzee huyo, bibi wa mchumba, ajuza mwenye ulimi usiozeeka.

Gari lilikuja likijikokota kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Ukikanyaga mafuta, injini inaguna tu, haiongezi mwendo, na taa ya njano inakukodolea macho kwenye dashibodi.

Sikio akatega sikio juu ya boneti ambayo hata hajaifungua, akafumba macho kama anayeonja mchuzi.

"Kebo ya mafuta, baba. Ile kamba ya chuma inayotoka kwenye pedeli mpaka kwenye injini. Imelegea. Naibadilisha sasa hivi."

"Mimi sijui magari," alisema mkwe mtarajiwa. "Najua mafundi. Nikimdanganya mteja kipimo, nguo yenyewe itanisema. Kwa hiyo sitaangalia mikono yako, nitaangalia mdomo. Maneno na kazi vikilingana, leo leo narudi nyumbani kuitamka ile ndiyo mnayoisubiri. Visipolingana, binti yangu bado mdogo."

Binti mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu msaidizi.

Mzee akavuka barabara kwenda kunyoa ndevu. Bibi alikataa kushuka; alisema kiti cha gari kina adabu kuliko benchi la kinyozi.

Sikio akafungua boneti. Akatafuta kebo. Akatafuta tena. Pale kwenye koo la injini, penye kale kamlango kanakoingiza hewa, alizoea kuikuta imejishikiza. Leo palikuwa na kiboksi cha plastiki na nyaya za umeme nyembamba kama tambi. Akaenda kuchungulia chini ya usukani. Pedeli nayo ilikuwa na kiboksi chake na tambi zake. Kebo hakuna, wala dalili kwamba imewahi kuwepo.

"Mume wangu," bibi aliita, "umepoteza kitu?"

"Hapana, mke wangu. Nakagua tu."

"Kagua, kagua. Ndevu za mwanangu si msitu, lakini. Zitakwisha."

Akachukua simu, akajificha nyuma ya rundo la matairi, akampigia mtu aliyeapa hatampigia maishani.

"Karani anaongea," ilijibu sauti. "Nani amekufa?"

"Ndugu yangu, acha mizaha. Gari la mkwe halina kebo!"

Laptopu alicheka mpaka akakohoa. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kinyongo, akamweleza. "Magari haya mguu haufungui chochote. Kwenye pedeli kuna sensa. Inaiambia kompyuta umekanyaga kiasi gani, kompyuta inapima mambo yake, ndipo inaiamuru mota ndogo ifungue mlango wa hewa. Habari zikikatika njiani, kompyuta inaogopa, inakuachia mwendo wa kukufikisha gereji tu."

"Yaani mguu unaomba?"

"Unaomba. Anayeamua ni mwingine."

"Kama nyumbani kwangu na marehemu babu yenu," ilisema sauti juu ya matairi. "Yeye alikanyaga, mimi niliamua."

Sikio akainua uso. Bibi alikuwa ameshuka garini, ameegemea rundo, anaisikiliza simu kama redio.

Ikabidi afuate maagizo ya Laptopu mbele ya macho hayo. Akakuta soketi ya pedeli imechomoka nusu, akaisafisha, akaisukuma mpaka ikabana. Akatoa waya wa betri, akaurudisha. Akafungua swichi bila kupiga stata, mguu mbali na pedeli, ili kompyuta ijifunze upya mlango wa hewa unapofungia. Alipowasha, taa ya njano ikazimika, na injini ikaitikia kila alipokanyaga.

"Haya," bibi alisema, "mwanangu akija mwambie ilikuwa soketi."

"Nilishamwambia kebo, bibi."

Akakimbilia pikapu bovu nyuma ya gereji, akang'oa kebo kuukuu, akaifuta kwa petroli mpaka ikang'aa. Akaibana juu ya injini kwa vifungio vya plastiki, ncha moja kwenye tundu, nyingine nyuma ya kiboksi.

"Wewe ni mke wangu," alimbembeleza. "Mke hamwaibishi mume."

"Nimeshaolewa na waongo wakubwa kuliko wewe," alijibu bibi, akarudi kitini. "Endelea."

Mzee alirudi kidevu kikimeta. Akalizungusha gari mtaa mzima, akashuka akitabasamu, akainama kwenye boneti.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, baba. Mpya."

"Basi maneno na kazi vimelingana."

Ile "ndiyo" ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi wa mzee. Laiti Sikio angenyamaza! Lakini mdomo wake haukuwa na breki.

"Ungempelekea yule Laptopu wa mtaa wa pili, baba, gari lingelala kwake wiki nzima. Hajui kitu yule. Mimi hata salamu yake siitikii."

Bibi akashusha kioo chote.

"Mume wangu, uongo wa kebo nilikubali kuumeza. Lakini kumtukana aliyekutoa shimoni sasa hivi kwa simu, hilo limenikwama."

"Mama, unasema nini?"

"Washa gari, mwanangu. Kisha ivute hiyo kebo."

Mzee akawasha, akaishika kebo kwa vidole viwili, akaivuta kama anavyovuta uzi wa kushikizia. Ikatoka yote. Injini ikaendelea kuunguruma, raha mustarehe. Mzee akatazama ncha moja, akatazama ya pili.

"Hii ilikuwa imefungwa wapi?"

Sikio akainama kuokota spana ambayo haikuanguka.

"Kwenye kiburi chake," alijibu bibi.

Mzee akamvisha Sikio kebo shingoni, taratibu, kama anayempima shati. "Mpigie huyo aliyekusaidia. Nataka kusikia gari langu liliumwa nini, na nataka kukusikia ukimshukuru. Ya binti tutaongea baada ya hapo."

Sikio akamgeukia bibi kuomba huruma.

"Usiniangalie mimi," alisema bibi, akijiweka sawa kitini. "Weka sauti kubwa."