Mwalimu Aliyepewa Nafasi ya Mlango

Mchana wa Alhamisi, akiwa amesinzia ofisini baada ya chakula na karatasi za igizo zikiwa mapajani, Mwalimu Sekela aliota amechelewa kipindi chake mwenyewe.

Kesho yake darasa la tano lilikuwa liigize mbele ya wazazi igizo la kukomesha uonevu. Sekela ndiye aliyelitunga na kugawa nafasi. Gwakisa, mwenye sauti kubwa na tabia ya kuwaigiza wenzake, alipewa nafasi ya mwalimu mkuu. Atupele, mwenye kigugumizi, alipewa nafasi ya mlango. Mlango hausemi, kwa hiyo hakuna atakayemcheka. Sekela alijiona amefanya wema.

Sasa anaingia darasani. Ubao unakohoa vumbi la chaki.

"Shikamoo," Sekela anausalimia, maana ni wa tangu shule ifunguliwe.

"Marahaba. Leo tunakagua heshima. Kila mtu aweke yake mezani."

Kanuni ya kwanza ya darasa imebandikwa ukutani kama siku zote: Usimvunjie mwenzako heshima. Wanafunzi wanatoa heshima zao mifukoni. Ni vikombe vya udongo. Cha Atupele kimevunjika na kugandishwa kwa ugali.

"Nani kavunja?" ubao unauliza.

"Mimi, hapo kwenye mkono wa kikombe," anasema Gwakisa akitazama viatu vyake. "Nilimwigiza Jumatatu. Na Jumanne."

"Na huu ufa mkubwa?"

Kwenye ufa kuna alama ya kidole chenye chaki. Sekela anaficha mkono wake mgongoni. Mkono unajitokeza wenyewe na kusema, "Ni sisi, mzee."

"Nilitaka kumkinga asichekwe," Sekela anajitetea.

"Ulimuuliza?"

Hakumuuliza.

Hukumu inajiandika ubaoni: Mwalimu awe mlango. Papo hapo Sekela anaota bawaba begani na kitasa kiunoni. Darasa limekwisha kuwa shamba la chai, naye amesimama katikati yake bila ukuta wowote. Hata hivyo watu wamejipanga foleni ili wapitie kwake. Kila mmoja anamgonga kwenye paji la uso.

"Hodi!"

Mlango hausemi. Sekela anafunguka tu.

Igizo linaanza. Katika shamba hilo, ukitamka kitu, kinakuja. Gwakisa anasimama mbele, anaita kwa sauti, "Ndizi!" Unakuja mkungu mmoja.

Atupele anasogea. "Ndi... ndi... ndizi."

Inakuja mikungu mitatu. Wazazi wanapiga makofi. Mzazi mmoja anaomba aseme sukari.

Gwakisa anamwendea polepole. "Atupele, nifundishe."

"U-usiwe na haraka," Atupele anamwambia. "Ne-neno halikimbii."

Kisha anakwama kwenye neno refu. Sekela analijua neno hilo, yeye ndiye aliyeliandika. Anatamani kulimalizia kama afanyavyo kila siku, lakini mdomo ni mbao. Maneno yamemjaa kifuani na hana pa kuyatolea. Anaona uchungu ambao hakuwahi kuuona. Huku nyuma Atupele anavuta pumzi, anarudi mwanzo wa neno, analitamka lote bila msaada wa mtu.

Sekela anataka kushangilia. Anachoweza ni kulia tu: kwiii!

Akaamka. Hakuinama hata kuokota karatasi zilizodondoka. Alikwenda moja kwa moja darasani, akachuchumaa pembeni ya dawati la Atupele.

"Mwanangu, nilikupa nafasi bila kukuuliza. Nilikosea. Unataka kuwa nani?"

Atupele aliwatazama wenzake, kisha akamtazama mwalimu. "Mwa... mwa..."

Neno lilikuwa mdomoni mwa Sekela, tayari kutoka. Alilizuia. Darasa zima lilisubiri.

"Mwalimu mkuu," Atupele akamaliza.

"Mwachie tu, Mwalimu," alisema Gwakisa bila kuulizwa. "Mimi nitakuwa mlango."

Sekela akasimama, akachukua chaki, akanyoosha mkono kuandika jina la Atupele ubaoni.

Bega lake likalia: kwiii!

Gwakisa akanyoosha kidole kwa adabu.

"Mwalimu, nikuletee mafuta?"