Mstari wa Yatima

Kosa lilitoka kinywani mwa Ngosa mwenyewe, tena kwa majivuno.

Ilikuwa mwaka 1952, Elisabethville, wiki tatu kabla ya siku ya lori la misaada. Serikali ilikuwa imekubali kushirikiana na chama cha akina mama wa mtaa wa Kamalondo, kile kilichozoea kuchanga sanda na unga wa matanga. Mapatano yalikuwa mepesi: ofisi itoe unga, sabuni na maziwa ya makopo, akina mama watoe majina, kwa kuwa wao ndio waliojua nyumba gani haikuwasha moto jana. Mamzelle Simone, Mzungu wa ofisi ya misaada, aliuliza wajane, wakatajwa. Akauliza vilema, wakatajwa. Kisha akauliza yatima.

Akina mama wakatazamana kama watu waliotukanwa. Mama Germaine, mwenyekiti wao, alianza kutikisa kichwa. Ngosa hakumngoja.

"Bayatima? Hapa hatuna. Mama akikufa, dada yake iko. Dada yake njo mama. Andika hapana!"

Karani Alphonse akaandika hapana, na wenzake Ngosa wakampigia vigelegele. Mdomo uliponza kichwa.

Maana nyumbani kwake alikuwapo Edith, msichana wa miaka sita, aliyezaliwa na Chileshe, mdogo wake Ngosa. Chileshe alikufa siku ya kumzaa, na baba alikuwa ameshafia Kambove kwa homa. Ngosa alimnyonyesha Edith pamoja na Floribert, mwanawe wa tumboni, huyu titi hili na huyu lile. Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto lolote. Kwao, kumwita mtoto yatima na dada wa mama yake yu hai ni kumtakia huyo dada kifo.

Surua ikaingia mtaani. Floribert akaugua, akapona. Edith alibaki ngozi na macho. Muuguzi wa zahanati alimpima, akasema: maziwa kila siku, mwezi mzima, la sivyo asiletwe tena hapa. Mgao wa kazini kwa Kalenga, mume wa Ngosa, ulikuwa wa watoto walioandikwa katika kitabu chake tu, na Edith hakuwamo. Maziwa ya dukani yalikuwa ya wenye fedha.

Basi siku ya lori Ngosa alimfunga Edith mgongoni, miaka sita na mzito kama wa miaka miwili, akaenda kwenye uwanja wa ofisi. Wajane walikuwa wamepanga foleni. Makopo ya maziwa yalikuwa bado ndani ya lori.

"Ile inaenda Naviundu," alisema Mamzelle Simone. "Maziwa ni ya yatima, na kule waliandika majina. Hapa karatasi inasema hapana."

"Huyu anagonjwa, Mamzelle. Mumupe."

"Ni mutoto wa nani?" aliuliza Alphonse bila kuinua kichwa.

"Wangu."

"Kama ni wako, atakula mu kitabu ya bwana yako."

"Haiko mu kitabu."

"Basi haina wako, ni wa mwingine." Sasa aliinua kichwa. "Mama, sheria ni hii: useme mbele ya ofisi na mbele ya chama, mutoto iko hapa, bote basikie. Mama yake alikufa, weye haiko mama yake. Mama Germaine ashuhudie. Njo nitaandika."

Mama Germaine alimvuta Ngosa mkono, akamnong'oneza kwa hasira. "Usituvue nguo! Kesho batasema hatujue kulea. Batabeba batoto bote kwa bamasista. Unataka?"

Hilo lilimchoma Ngosa moyoni. Alimgeukia Mzungu. "Nikisema, mutamubeba?"

"Hapana. Atalala kwako. Ni maziwa tu."

Amwamini? Wazungu walikuwa wamesema mengi. Dereva akapanda, akawasha injini. Lori likatetemeka, na makopo yakagongana. Ngosa alisikia pumzi ya Edith shingoni, fupi fupi, yenye joto.

"Huyu haina wangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Sauti, mama," alisema Alphonse. "Mama Germaine hasikie."

Sikio la mtoto lilikuwa limelala mgongoni mwake. Angemshusha, lakini Edith hakuweza kusimama. Angemziba masikio, lakini mikono ingefika wapi? Alimchukia Alphonse na kalamu yake. Alijichukia mwenyewe zaidi.

"Huyu haina mutoto wangu!" alipaza sauti, hata wajane wakageuka. "Mama yake alikufa. Miye haiko mama yake!"

Mama Germaine alifumba macho. "Nimesikia," alisema.

Mikono midogo iliyomshika Ngosa mabegani ikalegea. Alidhani usingizi. Alijilazimisha kudhani hivyo.

Kisha Claudine, muuza karanga, akatoka kwenye kundi na mtoto mkononi. "Ata huyu. Mama yake alikufa." Akaja mwingine, na mwingine, kila mmoja akisema lake huku anatazama chini. Wa mwisho alikuwa Mama Germaine mwenyewe, na watoto wawili. Dereva akazima lori. Watoto kumi na mmoja, katika mtaa usio na yatima.

Mamzelle Simone alitazama zile nyuso, naye akawa mwekundu. Alichukua karatasi mkononi mwa Alphonse, akalifuta lile "hapana" yeye mwenyewe. "Mwezi ujao sitauliza tena bayatima," aliwaambia. "Nitauliza tu: mutoto gani haiko mu kitabu?"

Akina mama waliitikia kwamba swali hilo ni zuri. Kwa swali hilo wangejibu hata mchana kweupe, bila kumkana mtu. Ngosa peke yake hakuitikia. Swali jepesi kiasi kile, na hakuna aliyelifikiria wiki tatu nyuma, si wao wala ofisi.

Nyumbani alikoroga maziwa, akayapooza, akamwinua Edith kitandani. Mtoto alikunywa bila kupumzika mpaka tone la mwisho. Ngosa alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Niongeze, mutoto wangu?"

Edith alifuta midomo. Alirudisha kikombe kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kufanya kwa watu wa nje.

"Aksanti, mama Floribert," alisema, kama wanavyosema watoto wa majirani.